Adui wa Reli ni Maji Yaliyokosa Njia

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Mkuyuni, Mwanza)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, na ambacho kikishawekwa mahali pake hakuna atakayekiona tena. Kitu hicho ni kitambaa kinachotandikwa chini ya reli. Wahandisi hukiita jiotekstaili, yaani nguo ya ardhini. Huenda mtu akajiuliza, mwalimu wa Mkuyuni au karani wa halmashauri ana shughuli gani na nguo iliyozikwa chini ya kokoto? Natumaini kabla sijamaliza mtakubaliana nami kwamba anayo shughuli kubwa.

Jina la mahali hapa latukumbusha jambo. Mkuyu ni mti upendao maji. Wazee walipouona umestawi walijua kwamba maji hayako mbali. Na reli inayokwenda Mwanza mjini hufika kwa upande huu huu wa kusini, ikiwa na vilima vya mawe upande mmoja na Ziwa Viktoria upande wa pili. Mvua ikinyesha, maji yote ya vilimani yanatafuta njia ya kwenda ziwani, na katika safari hiyo hayana budi kukutana na reli.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni moja. Reli haiharibiwi na uzito wa treni peke yake. Huharibiwa na uzito wa treni unapokutana na maji yaliyokosa njia. Kitambaa ninachokuja kukieleza ni msaidizi hodari wa kuyapa maji hayo njia, lakini hakiwezi kushika nafasi ya mtaro. Na mtaro wa reli, ndugu zangu, mdomo wake uko mitaani mwetu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kuja Mwanza lilijengwa na Waingereza, likafika hapa ziwani mwaka 1928. Ni reli yenye upana wa mita moja, iliyojengwa kwa jasho la babu zetu, kwa majembe, sururu na karai. Baada ya hapo tumeingia katika kazi kubwa zaidi. Mwezi Juni mwaka 1921 ulikuwa wa wakoloni. Mwezi Juni mwaka 2021 ulikuwa wetu, kwa maana ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, katika Wilaya ya Misungwi. Njia hiyo ni ya kilometa 341, yaani kilometa 249 za njia kuu na kilometa 92 za njia za kupishania. Upana wake ni milimita 1,435. Imekusudiwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli, na treni za abiria kwenda kilometa 160 kwa saa.

Tani 35 kwa ekseli ni tani kumi na saba na nusu kwa kila gurudumu. Uzito huo unashuka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye taruma, kutoka kwenye taruma kwenda kwenye kokoto, kutoka kwenye kokoto kwenda kwenye tuta, na kutoka kwenye tuta kwenda kwenye ardhi ya asili. Kila tabaka lina kazi ya kuutawanya uzito ule, ili udongo wa chini kabisa upokee kiasi unachoweza kukivumilia. Tabaka moja likishindwa, yote yaliyo juu yake yatashindwa.

Ardhi ya asili ya kwetu ni ipi? Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuata mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni, na akaufananisha mpangilio huo na mnyororo. Wasukuma walikwisha kuyajua hayo kwa jembe. Juu ya mlima kuna mawe, chini yake kuna luseni, udongo wa mchanga, kisha itogolo, na bondeni kabisa kuna mbuga, ule udongo mweusi unaolimwa mpunga katika majaruba. Reli haipendi milima, hupenda mahali tambarare. Kwa hiyo reli inayotoka Shinyanga kuja Mwanza kupitia Malampaka, Malya, Bukwimba na Fela haina budi kukutana na mbuga mara nyingi.

Udongo wa mbuga ni rafiki wa mpunga na adui wa mjenzi. Ukipata maji huvimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa pana ambamo mguu wa ndama waweza kunasa. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, na mtu asiyeujua angeweza kujenga juu yake bila wasiwasi. Zikija mvua za masika hulainika ukawa kama uji. Reli iliyolala juu ya udongo huo bila matayarisho itapanda na kushuka kila mwaka, hapa sana, pale kidogo, mpaka vyuma vipinde.

Maji yanayoisumbua reli ni ya namna mbili. Kuna maji ya kishindo, na kuna maji ya kimya. Maji ya kishindo tunayafahamu sote. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliibomoa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, mahali inapofuatana na mto bondeni, na usafiri ukasimama kwa miezi. Mali ya wafanyabiashara wa kanda hii ikalazimika kupelekwa kwa malori, na gharama akazilipa mwananchi dukani. Maji ya namna hiyo huzuiwa kwa madaraja, kingo za mto na misitu ya vilimani. Nguo peke yake haiyawezi.

Maji ya kimya hayaandikwi magazetini. Ni yale yanayozama kwenye kokoto, yakafika juu ya udongo wa tuta na kutuama hapo. Treni ikipita, gurudumu hukandamiza na kuachia, hukandamiza na kuachia, mara mia kadhaa kwa treni moja ya mizigo. Udongo uliolowa hugeuka tope, na tope hilo hupanda juu kupitia katikati ya kokoto, kama maji yanavyopanda kwenye pampu ya kisima. Kokoto safi zina nafasi tupu katikati yake, karibu theluthi moja au zaidi ya ujazo wote, na kwa nafasi hiyo maji hupenya na kuondoka. Tope likijaa mle, maji hayaondoki tena. Yasipoondoka, tope huongezeka. Wakati huo huo kokoto zenyewe huzama chini kwenye udongo laini. Mfanyakazi wa njia ya reli aliyezoea kazi yake hulitambua tatizo hili kwa mbali: huona madoa ya tope yamerukia mataruma. Hapo ndipo treni inapoamriwa kupunguza mwendo, na treni ya kilometa 160 kwa saa ikawa sawa na baiskeli.

Dawa ya ugonjwa huo imetafutwa kwa muda mrefu, na sehemu ya habari yake yapaswa kutuvutia sisi watu wa nchi ya pamba. Mwaka 1926 idara ya barabara ya jimbo la South Carolina, Marekani, ilijaribu kutandika kitambaa cha pamba katika barabara, ikakipaka lami ya moto na kunyunyizia mchanga juu yake. Kitambaa kilisaidia mpaka kilipooza. Pamba, kama kila kiumbe cha shamba, hurudi udongoni. Baada ya vita vya pili vya dunia vikaja vitambaa visivyooza, vinavyotengenezwa kwa polipropilini na poliesta. Waholanzi walivitumia kwa wingi katika kingo zao za bahari baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1953. Katika miaka ya 1970 reli za nchi mbalimbali zikaanza kuvijaribu, na jina lenyewe la jiotekstaili lilitangazwa kwa wataalamu katika mkutano wa Paris mwaka 1977. Mwaka huo huo, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ilikuwa inaanzisha shirika lake yenyewe la reli.

Vitambaa hivi ni vya namna mbili kuu. Kimoja hufumwa kwa nyuzi zinazopishana, kama mkeka au gunia, nacho kina nguvu ya kuvutwa. Kingine hakifumwi, nyuzi zake hushonwashonwa kwa maelfu ya sindano mpaka zikashikamana kama blanketi zito, nacho hupitisha maji vizuri. Hapana kimoja kilicho bora kuliko kingine kwa kila kazi. Mvuvi wa hapa Mkuyuni hatumii wavu wa sangara kuvulia dagaa, wala wavu wa dagaa kuvulia sangara. Mhandisi naye hana budi kwanza kuujua udongo wake, ndipo achague tundu la kitambaa chake.

Kitambaa kina kazi tatu katika reli. Kazi ya kwanza ni kutenganisha. Kikitandikwa juu ya mbuga kabla ya kumwaga kifusi cha tuta, huzuia mawe yasizame kwenye tope na tope lisipande kwenye mawe. Pasipo kitambaa, mkandarasi humwaga lori baada ya lori la kifusi, na ardhi humeza. Mali ya umma huzikwa bila faida.

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji yanapita, udongo unabaki, kama chujio la chai linavyobakiza majani. Kazi hii huonekana vizuri zaidi katika mitaro ya chini kwa chini. Mtaro huchimbwa kando ya njia, kitambaa hutandikwa ndani yake, kokoto humwagwa, kisha kitambaa hukunjwa juu yake kama sambusa inavyofungwa. Maji ya ardhini huingia kutoka pande zote, lakini udongo hauingii, na mtaro unaishi miaka mingi bila kuziba.

Kazi ya tatu ni kuimarisha. Kitambaa kilichofumwa, kikivutwa sawasawa chini ya tuta, huusaidia udongo dhaifu usitanuke pembeni, kama mkanda unavyomsaidia mbeba mizigo.

Baada ya kusema hayo, napenda kuonya. Wapo watu wanaopokea kila kitu kipya kama hirizi. Husikia kuna kitambaa cha kuzuia tope, wakadhani ukishakitandika umemaliza. Sivyo. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko sehemu mbili katika elfu za milimita. Tundu la kitambaa cha kawaida ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, yaani mara hamsini zaidi. Kitambaa hakiizuii chembe moja moja. Katika mtaro, ambamo maji yanakwenda upande mmoja polepole, udongo wenyewe hujipanga nyuma ya kitambaa ukafanya chujio la pili. Lakini chini ya treni maji hayaendi upande mmoja. Husukumwa na kunyonywa, husukumwa na kunyonywa, na lile chujio la pili halipati nafasi ya kujijenga. Waingereza walijifunza hayo katika reli zao kwa gharama: mahali penye mfinyanzi uliolowa, kitambaa peke yake hakikulizuia tope. Kilichofaa ni tabaka la mchanga uliochaguliwa vizuri, likiwekwa juu ya udongo, na kitambaa kikishirikiana na mchanga ule. Kwa hiyo kanuni ni hii: mchanga huzuia tope, kitambaa huzuia mchanga na kokoto visichanganyike, na mtaro huyaondoa maji. Watatu hawa ni ndugu. Ukimfukuza mmoja, wawili hawataiweza kazi.

Tena kitambaa kina masharti yake, nayo si ya kitaalamu mno hata yawashinde watumishi wanaokwenda kukagua kazi kwa niaba ya wananchi. Kwanza, jua ni adui yake. Polipropilini iliyoachwa juani hukatika nyuzi, na jua la Usukuma halina huruma. Taratibu nyingi za ujenzi zataka kitambaa kifunikwe katika siku 14 tangu kilipotandikwa. Marobota yaliyolala wazi katika ghala lisilo na paa kwa msimu mzima yamekwisha kupoteza nguvu kabla ya kazi kuanza. Pili, pale vipande viwili vinapokutana havina budi kulaliana. Penye ardhi ngumu sentimeta 30 zatosha. Penye mbuga laini hufika mita nzima. Tatu, lori lisipite juu ya kitambaa kitupu. Kifusi kitangulie kumwagwa, ndipo lori lipite juu ya kifusi. Nne, mawe makali yasiangushwe juu yake kutoka mahali pa juu. Tano, kisikae karibu mno na mataruma, kwa sababu mashine za kushindilia kokoto zina meno marefu na zitakichana. Hapana budi kiwe chini kiasi cha sentimeta 30 kutoka kwenye tako la taruma.

Sharti la sita ndilo kubwa: kikaguliwe kabla hakijazikwa. Nyumba yenye ufa tunauona ufa. Daraja likipinda tunaliona. Lakini kitambaa kilichochanika, kilichopunguzwa upana, au ambacho hakikutandikwa kabisa, hufunikwa na kokoto nzuri nyeupe, na siku ya sherehe hakuna mgeni atakayejua. Ukweli utajitokeza mvua ya tatu au ya nne, wakati waliotia sahihi wamekwisha kuhamishwa. Kwa sababu hiyo uaminifu wa mkaguzi wa kazi iliyofichika ni sehemu ya ujenzi sawa na saruji na chuma. Mtumishi anayetia sahihi karatasi ya kazi asiyoiona ameitoboa reli kwa kalamu.

Mtu mmoja ataniuliza: Wajerumani na Waingereza walijenga bila kitambaa hicho, na reli yao imetubeba miaka mingi. Kwa nini sisi tununue plastiki kutoka nje? Ni swali la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, treni zao zilikuwa nyepesi na mwendo wao wa polepole. Pili, walikuwa na magenge. Kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia na mnyapara wake, nalo lilitembea kipande kile kila siku kwa miguu, likifyeka majani, likizibua mitaro, likipepeta kokoto zilizochafuka na kuzirudisha. Reli ile ilidumu kwa sababu ya mikono iliyoihudumia kila siku. Pale mikono ilipopungua, reli ilidhoofika. Kitambaa chapunguza kazi ya magenge, lakini hakiondoi haja ya kuwa nayo. Taifa litakalonunua kitambaa na kuacha kuzibua mitaro litakuwa limenunua viatu na kukata miguu.

Wala haitupasi kudhani kwamba kila kitu lazima kitoke nje. Kokoto za matale tunazo. Jiji hili huitwa Jiji la Miamba. Mchanga tunao, ingawa yatupasa kuuchimba mahali panaporuhusiwa, wala si katika kingo za mito na fukwe. Na kwa kazi moja muhimu, mkonge waweza kutusaidia. Miteremko ya tuta jipya huliwa na mvua kabla majani hayajaota. Wavu wa katani ukitandazwa juu yake huushika udongo kwa muda, majani yakaota kupitia humo, na wavu unapooza mizizi imekwisha kuishika kazi. Katika kazi hiyo kuoza hakudhuru. Huko Bangladesh na India jute hutumiwa kwa njia hiyo. Lakini chini ya kokoto, ambako kitu kinatakiwa kidumu miongo mingi, katani haifai, na tusidanganyane kwa jina la kujitegemea. Kujitegemea ni kujua kila kitu kinafaa wapi.

Sasa nirudi Mkuyuni. Nimesema kwamba mdomo wa mtaro uko mitaani mwetu. Mhandisi wa reli anaweza kuweka mchanga bora, kitambaa bora na mtaro bora. Maji yatatoka chini ya reli yakafika kwenye kalavati, na baada ya kalavati yanaingia katika mfereji unaopita kati ya nyumba, nyuma ya soko, kando ya shule, mpaka ziwani. Kuanzia hapo si mali ya reli tena. Kama mfereji huo umejaa mifuko na chupa, au kama kiwanja kimegawiwa juu yake na mtu akajenga ukuta, maji yatasimama, yatarudi nyuma, na yataingia katika tuta kwa kupitia ule ule mtaro uliochimbwa kuyatoa. Mtaro usio na mdomo ni bomba la kuingizia maji.

Nalo ziwa lina lake la kusema. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 lilipanda tena zaidi ya mita moja, likavuka kiwango cha mwaka 1964. Na mwaka 2024 likapanda kupita hapo. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mfereji wenye urefu wa mita 400, unaoshuka mita moja tu kutoka kwenye reli hadi ziwani, ziwa likipanda mita moja hauna tena mwinamo. Maji yatalala ndani yake kama katika birika. Hata bila taka, hata bila ukuta wa mtu, mfereji huo umekufa. Kwa hiyo anayepanga mitaa ya ufukweni na anayepanga mitaro ya reli lazima watumie kiwango cha juu cha ziwa, si kiwango walichokikuta siku ya kupima.

Kutokana na hayo nina maombi kwa makundi mawili yaliyo mbele yangu.

Kwenu ndugu watumishi wa umma: ramani ya mitaro ya reli iwe mezani pamoja na ramani ya viwanja. Kabla ya kugawa kiwanja, ulizeni maji ya hapo huenda wapi. Kabla ya kuandaa bajeti ya mwaka, hesabuni mifereji ipokeayo maji ya reli na mtenge fedha za kuizibua kabla ya Oktoba, si baada ya mafuriko. Na anapokuja mkandarasi wa barabara au wa bomba la maji kutaka kukata kando ya tuta, asipewe ruhusa mpaka mwenye reli ameelezwa, kwa sababu sururu moja yaweza kukata kitambaa na mtaro ambao hakuna anayekumbuka kuwa vipo.

Kwenu ndugu walimu: nawaomba mfanye jaribio moja darasani lisilo na gharama. Chukueni chupa tatu za plastiki zilizokatwa juu. Wekeni udongo wa mbuga uliolowa katika kila chupa. Katika ya kwanza wekeni kokoto ndogo moja kwa moja juu ya udongo. Katika ya pili wekeni kipande cha kitambaa kizito, kisha kokoto. Katika ya tatu wekeni mchanga, kisha kitambaa, kisha kokoto. Mimineni maji kidogo, na watoto wakandamize kokoto kwa kijiti kinene mara mia mbili, wakihesabu kwa sauti. Katika chupa ya kwanza kokoto zitazama na tope litapanda. Katika ya pili kokoto hazitazama, lakini maji yatachafuka. Katika ya tatu maji yatakuwa safi zaidi kuliko kote. Kisha waulizeni watoto: maji haya sasa yatoke wapi? Mtoto atakayeitika, "Mwalimu, chupa haina tundu," ameelewa somo lote, na huyo hatatupa mfuko katika mfereji.

Ndugu zangu, reli iliyofika ziwani mwaka 1928 ilijengwa na watu wetu, lakini haikuamuliwa na sisi wala haikukusudiwa kwa ajili yetu. Hii mpya tumeiamua wenyewe, na deni lake tutalilipa wenyewe, sisi na watoto mnaowafundisha. Itawabeba kama tutayalinda mambo yake yasiyoonekana: mchanga, kitambaa, mtaro, na sahihi ya mkaguzi. Mvua ijayo, mkisimama mlangoni mkiyatazama maji yanayoshuka kutoka vilimani, tafadhalini yafuateni kwa macho mpaka yanapoishia. Yakiwa yanasimama mahali, hapo ndipo pa kuanzia kazi.